Cherehani Kilichoitwa Manguo

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujainuka juu ya vilima vya mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, Kavugho alikuwa amekwisha kuteka maji mara mbili, kufagia uwanja na kukaa chini kuchambua maharagwe ambayo mama yake aliyauza sokoni. Mawe aliyatupa kando, mabovu vilevile, na mazuri akayaweka ndani ya beseni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mikono myepesi. Ulimi wake nao ulikuwa mwepesi, tena mwepesi kuliko ilivyofaa.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane, maharagwe yalisubiri. Mama yake, Mama Berthe, alikuwa amepiga magoti sakafuni akikishonea kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Kilikuwa cherehani cheusi cha chuma, cha zamani, chenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Nyanya yake Kavugho, marehemu Vagheni, alikipata kwa kuuza maharagwe ya Vuhovi misimu mitatu mfululizo. Alipofariki aliwaachia binti zake wawili, Berthe na mdogo wake Julienne, nao wakakubaliana kikae Butembo kwa mkubwa.

Lakini mwaka huo Julienne alikihitaji kuliko mkubwa wake. Alikuwa ameolewa upande wa Oicha, na vita vilimfukuza huko yeye na watoto wake wawili, kakao ikiwa bado mitini. Sasa walikaa katika chumba kimoja mjini Beni, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwatazama vibaya. Ndipo Sista Rébecca wa parokia akamwambia Julienne kwamba zilikuwapo sare sitini za wanafunzi za kushonwa kabla ya masomo kuanza. Akipata cherehani kabla ya Jumatano kwisha, kazi ni yake. Asipopata, itapewa mtu mwingine.

"Kavugho, sikiya muzuri," alisema Mama Berthe akikata uzi kwa meno. "Mi naenda ku soko. Weye utapeleka hii ku agence. Ukifika, waambie ni machine ya kushona, ya chuma, inaweza vunjika. Baandike hivyo mu bordereau, na baiweke juu ya mizigo ingine. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Franga ya kulipa ni hii. Najua iko mingi. Machine iko na bei yake, njo maana."

"Ndiyo, Mama."

Kavugho akakibeba kifurushi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu wa huku, akashuka mtaani polepole. Alipofika, shingo ilimuuma na jasho lilikuwa limemwingia machoni.

Siku hizi mtu wa Butembo akitaka kutuma kitu Beni haulizi posta. Huenda agence, yaani ofisi yenye magari ya vifurushi. Pale karani huuliza ndani mna nini na kina bei gani, halafu huandika majibu kwenye daftari na kwenye karatasi iitwayo bordereau ambayo mwenye mzigo huondoka nayo. Kavugho alikuta foleni ndefu. Mbele yake alisimama mama mmoja mwenye gunia lililonuka samaki wa chumvi mpaka barabarani.

"Ni nini mu colis?" aliuliza karani, kijana aitwaye Aristote, aliyetoka Kisangani kuja kutafuta maisha. Aligonga kifurushi kwa kalamu bila kuinua hata kichwa.

"Manguo," alijibu yule mama.

Aristote akaandika manguo. Akafuata mzee mwenye katoni iliyotobolewa matundu, na ndani vifaranga walikuwa wakilia kwa sauti zao zote.

"Ni nini?"

"Manguo, Chef."

Aristote akaandika manguo. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa pale. Malipo yalipanda kwa kufuata kitu na bei yake, na nguo za kuvaa ndizo zilizolipiwa kidogo kuliko vyote. Tena watu waliambiana kwamba karatasi ikitaja kitu cha maana, huko njiani kila mwenye kizuizi atataka sehemu yake. Basi kila mtu akawa anatuma nguo. Kama Beni ingezipokea nguo zote zilizoandikwa katika daftari lile, hakuna mtu wa Beni ambaye angefua mpaka Noeli.

Zamu ya Kavugho ikafika. Alifungua kinywa ili aseme machine, na kwa kweli alikifungua kwa nia hiyo. Lakini macho yake yaliangukia ubao wa bei ukutani, na kichwa chake kikapiga hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Akisema manguo, fedha zitakazobaki zingetosha kabisa kununua soksi ndefu nyeupe zenye mstari wa bluu, kama zile ambazo rafiki yake Élodie aliwaringia nazo wenzake darasani mwaka mzima.

"Petite, nakuuliza. Ni manguo?"

"Ndiyo," alisema Kavugho. "Manguo."

"Bei yake? Elfu kumi?"

"Ndiyo."

Aristote akainua kifurushi akakunja uso. "Ee! Manguo gani nzito hivi? Ni ya basoda?"

Watu wa foleni wakacheka kwa kuwazia sare za askari. Kavugho naye akacheka. Aristote akaandika alichoandika, akagonga muhuri, kisha akakisukuma kifurushi sakafuni pamoja na vingine. Hakukibandika ile karatasi nyekundu inayowaambia wapakizi kwamba kitu hiki huvunjika. Nguo za nini kubandikwa karatasi nyekundu?

Jioni Mama Berthe aliporudi, neno lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Baliandika machine?"

"Ndiyo, Mama."

Akampa bordereau. Mama Berthe alikuwa ameacha shule mapema. Biblia ya Kiswahili aliisoma polepole kwa kidole, lakini Kifaransa cha makarani, kilichoandikwa mbiombio kwa kalamu iliyochoka, hakikumpa neno hata moja. Aliitazama karatasi kwa heshima, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Soksi nazo zilikuwa chini ya godoro la Kavugho, zikingoja masomo yaanze. Mtoto akalala usingizi mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapoisimulia habari hii.

Jumapili baada ya misa, simu ililia. Alikuwa Julienne.

"Yaya Berthe," alimwita hivyo dada yake mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Machine imevunjika."

Julienne alieleza yote. Alipoinua gunia lake kule Beni, alisikia chuma kikigonga chuma ndani. Karani wa huko alimwambia atie sahihi haraka, watu wanangoja. Alikataa. Aliomba kisu, akalifungua gunia pale pale mbele ya wote, ijapokuwa walimcheka wakasema anahesabu zawadi za ndugu zake kama mtu asiye na adabu. Shingo ya cherehani ilikuwa imekatika vipande viwili. Mpakuzi mmoja alisema kwamba mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa juu yake njia nzima. Julienne hakuondoka mpaka yule karani alipoandika kwamba kifurushi kilifika kikiwa kimevunjika, akagonga muhuri.

Mama Berthe alilia kidogo, kisha akajipangusa kwa pembe ya kitenge.

"Hapana lia, mudogo wangu. Sisi tulisema ukweli, tulilipa frais yote ya kutuma. Lazima balipe. Batakununulia ingine." Akamgeukia Kavugho. "Leta ile karatasi. Nyuma yake kuko maandishi. Nisomee."

Kavugho akasoma. "Banasema agence italipa colis yenye kupotea ao yenye kuharibika. Kufuata kitu na bei yenye iliandikwa."

"Umesikia, Julienne? Iliandikwa! Mutoto anasoma mwenyewe."

"Yaya, kuko mama jirani ananiambia anaweza kuniazima machine yake, mais anataka jibu leo. Mutu mwingine naye anaiomba."

"Acha yake. Hapana jifunga kwa mutu wakati haki yako iko njiani. Ngoja siku mbili tu."

Kavugho alikuwa amesimama hapo hapo, karatasi mkononi. Neno moja lingetosha. Angesema, "Mama, mwambie Tantine Julienne aichukue ile ya jirani," na yote yaliyofuata yasingefuata. Aliweka karatasi mezani akaenda kuchambua maharagwe.

Jumatatu Mama Berthe alimwachia jirani meza yake ya sokoni, akamchukua Kavugho wakaenda agence. Aristote alipoona ile bordereau, alimtazama mtoto. Mtoto akatazama ukuta.

"Mutu wa kudai, réclamation yake ni kwa Chef Zorobabel mwenyewe," alisema Aristote. "Yuko Bunia. Atarudi Alhamisi."

"Alhamisi! Kazi ya mudogo wangu inaisha Jumatano!"

"Mama, mi nitafanya nini? Si miye chef."

Angeweza kusema hapo hapo kwamba karatasi ilitaja manguo. Hakusema, kwa maana angeulizwa pia kwa nini daftari lake lote lilitaja manguo. Hivyo mtu mzima na mtoto wakanyamaza pamoja, kila mmoja akiomba mwenzake asifungue kinywa, na Mama Berthe peke yake ndiye aliyekuwa akisema.

Jumanne alirudi tena, akakaa kwenye benchi mpaka saa sita akidhani labda chef atawahi kurudi. Hakurudi. Jumatano usiku ulipoanza kuingia, Julienne alipiga simu. Sista alikuwa amengoja mpaka saa kumi na moja, akaomba radhi, akazipeleka sare sitini kwa mshonaji mwingine. Mama jirani naye alikuwa amekwisha kumwazima mtu mwingine cherehani chake.

Julienne hakulia safari hii. Alisema tu, "Basi, Yaya," akakata simu.

Alhamisi walimkuta Chef Zorobabel ofisini. Alikuwa baba wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani yake imefungwa uzi. Aliwakaribisha viti, akasoma ile karatasi ya Beni yenye muhuri, ambayo Julienne aliituma kwa dereva, kisha akasoma bordereau. Akaisoma tena.

"Mama, iko tatizo. Hapa baliandika manguo. Manguo haivunjike."

"Manguo gani?"

"Colis yako. Habits, bei elfu kumi."

Mama Berthe alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alisimama, na kidole chake kikamwelekea Aristote aliyekuwa mlangoni.

"Ni huyu! Mutoto wangu alimwambia machine, yeye akaandika yake! Mutoto wangu haseme uongo. Ni miye nilimuzaa, ni miye nilimukomalisha. Haseme uongo!"

Zorobabel aliomba daftari. Akafungua ukurasa wa Jumamosi ile, akateremsha kidole mstari kwa mstari, na kadiri alivyoteremka ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mkali.

"Aristote. Colis makumi tano na mbili. Manguo, manguo, manguo. Butembo muzima iko natuma manguo Beni?"

"Chef, njo vile banasema."

"Ao njo vile unaandika, ju foleni iende mbio. Nilikuonya mwezi wa sita, ndiyo ao hapana?"

"Ulinionya, Chef."

"Donc tumefika mwisho." Akafunga daftari. "Mama, agence italipa machine yako, bei yote. Itatoka ku mushahara ya huyu. Naye leo anaacha kalamu, anaenda kwao."

Aristote aliegemea mlango. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini wakati huo hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Chef, bibi yangu alizaa juzi. Mutoto hajamaliza mwezi. Nakuomba, uliza ule petite. Muulize tu alisema nini."

Wote wakamtazama Kavugho. Naye aliona wazi, kama mtu anayetazama bonde kutoka mlimani, namna mambo yangekuwa kama angenyamaza. Tantine Julienne angepata cherehani kipya kabisa. Mama angerudi nyumbani akiimba. Zile soksi zisingejulikana mpaka mwisho wa dunia. Ni Aristote tu ambaye angeondoka, na Aristote si ndugu yao.

Mama Berthe akamwekea mkono begani. "Sema, mwanangu. Hapana ogopa. Mi niko hapa."

Mkono huo ulimshinda. Laiti ungekuwa wa kumpiga, labda angeendelea kudanganya.

"Mama," alisema, "ni miye nilisema manguo."

Ule mkono ukaondoka begani, si kwa haraka.

"Na ile franga nilikupatia?"

"Nilinunua soksi."

"Soksi," alirudia Mama Berthe. Alikaa kitini taratibu kama mgonjwa. "Miye siku tatu naacha soko. Natukana batu ya benyewe. Namwambia mudogo wangu akatae machine ya jirani. Na weye uko unasimama tu, unasikia, unajua."

Kavugho alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza, na kusema kweli hakustahili. Majuto ni mjukuu, wazee wetu walisema, na hapo alikuwa amekwisha kuzaliwa, amekaa ofisini pamoja nao.

Chef Zorobabel alivua miwani akaipangusa muda mrefu.

"Sasa nimesikia ukweli," alisema. "Mais Mama, mi siwezi kulipa machine yenye haikuandikwa. Kama kila mutu analipia manguo halafu anadai machine, hii agence itafungwa kesho. Kufuata karatasi, haki yako ni elfu kumi na frais yenye mulilipa. Gari yetu itakurudishia machine hapa bure, uitafutie fundi. Zaidi ya hapo sina." Akamgeukia karani. "Na weye, uliinua ile mzigo kwa mikono yako. Manguo inakuwa nzito hivyo?"

Aristote akaitazama kalamu yake. Alibaki na kazi, pamoja na barua ya onyo la mwisho. Msidhani alimshukuru Kavugho. Walipompita mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Petite, ulikuwa karibu kunifukuzisha." Hakukosea. Alisahau tu kutaja ni nani aliyemtilia mtoto lile neno kinywani.

Mama Berthe alipokea zile noti bila kuzitazama. "Wasingya," alimwambia Zorobabel, ahsante ya Kinande, na ahsante hiyo ilikuwa chungu kuliko tusi. Kisha akashika njia ya nyumbani, akitembea mbele ya binti yake.

Soksi zilirudishwa dukani. Mwenye duka alikataa kuzipokea, kwa hiyo zikapewa mtoto wa jirani, na Mama Berthe akamfanya Kavugho azipeleke kwa mkono wake mwenyewe na kueleza zilikotoka.

Cherehani kilirudi kutoka Beni ndani ya gunia lile lile lililokatwa kwa kisu. Walimpelekea Kitsa, mchomeleaji aliyesifika kwa kuunga vyuma vigumu. Alikaa nacho wiki nzima, akakiunga kwa shaba, akakiinua mbele ya macho yake kama mtu anayepima ubao.

"Nimeiunga," alisema. "Itazunguka. Mais shingo imepinda kidogo, hiyo siwezi kukudanganya, Mama. Itashona kitu nguvu, turubai ya bâche ao gunia. Ukiiwekea kitambaa laini, itakula."

Safari ya pili kwenda agence, Mama Berthe hakumtuma Kavugho. Alifunga meza ya sokoni tena, akasimama kwenye foleni mwenyewe, akasema kwa sauti ni machine ya kushona, akalipa yote. Mtu mmoja nyuma yake alifyonza kwa kuwa alichelewesha watu. Hakugeuka.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane alimpeleka Kavugho Beni, akamwacha kwa Tantine Julienne mpaka siku mbili kabla ya masomo. "Utamusaidia kazi," alisema. "Utaona mwenyewe kazi gani."

Kazi yenyewe ilikuwa magunia. Wanunuzi wa kakao walileta yaliyotoboka, Julienne akayatia viraka kwa cherehani, na Kavugho akafunga kingo kwa sindano ndefu ya mkono. Nyuzi za magunia ziliwasha, vumbi liliingia puani, na malipo yalikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha. Lakini kwa magunia hayo Julienne aliendelea kulala ndani ya kile chumba na watoto wake, na mwenye nyumba hakuwatoa.

Siku ya tatu wasichana wawili walipita dirishani, wamebeba sare mpya za bluu na nyeupe zilizokunjwa vizuri. Julienne alisimamisha gurudumu. Hata kwa mbali aliangalia kola na mishono, mpaka wale wasichana walipopotea kwenye kona.

"Tantine," alisema Kavugho, "unisamehe."

"Nilikusamehe ile siku mama yako alinieleza. Kusamehe si kazi nguvu. Mais nikikusamehe, shingo ya machine inanyooka?"

"Hapana."

"Sista anakuja kunirudishia ile kazi?"

"Hapana, Tantine."

Kavugho alishona kidogo. Kisha akatoa lililokuwa likimsumbua tangu Alhamisi ile. "Kama ningenyamaza kwa Chef, leo ungekuwa na machine mupya."

"Ndiyo, ningekuwa nayo," alijibu Julienne. "Na ule kijana na bibi yake na kale katoto bangefukuzwa ju yangu. Mi nilishafukuzwa ku kwetu, Kavugho. Najua inauma namna gani. Sitaki mutu mwingine aionje ju nipate kushona. Ile siku ulifanya muzuri, na nilimwambia mama yako hivyo. Mais ulifanya muzuri Alhamisi. Kama ungesema Jumapili, ningechukua machine ya jirani, na hao batoto bangevaa nguo ya mukono yangu."

"Lakini bote banasema manguo, Tantine. Bote kabisa. Hata mzee wa vifaranga."

Ni kweli, walisema wote. Hata hivyo Julienne aliweka gunia chini na kumtazama mpwa wake moja kwa moja, na hakukuwa na upole mwingi katika macho hayo.

"Ile siku nilikata gunia nikakuta shingo iko vipande viwili, nilisimama pale peke yangu, batu banacheka. Hao bote unasema, sikuona hata mmoja. Shika hii neno, mwanangu, uiweke mu kichwa pamoja na masomo yako. Uongo ya bote, batu bengi banaisema, mais hasara yake inaangukia mutu moja. Na mara mingi huyo mutu si ule aliyesema."

Julienne akamnyooshea gunia jingine.

"Shona. Yamebaki makumi mbili, na mwenyewe anakuja jioni."

Kavugho akatia uzi sindanoni. Alishona mpaka vidole vikavimba, na hakuna aliyemwambia apumzike.